Ubao wa Matundu Saba

Watu wakifa husifiwa, hata wale waliokuwa na roho ya nyoka. Huyu ninayemwandika hajafa. Anakula, analala, anakwenda ibada ya kwanza kila Jumapili na kukaa benchi la mbele. Kwa hiyo nasema ukweli wangu sasa, nisije nikalazimika kumsifu msibani.

Alizaliwa wapi, mtoto wa nani, hayo hayanihusu. Na yeye hakuwahi kuniuliza yangu. Kimandolu nzima, huku Arusha, walimwita Mzee wa Waya, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa fundi umeme wa magari katika uwanja wenye uzio wa mabati upande mmoja tu, pande nyingine tatu kila mtu alipita. Mimi nilikuwa na meza yangu pembeni ya meza yake. Nilikaa pale miaka sita, na sikumbuki siku hata moja iliyopita bila tusi lake.

Kabla sijaendelea, mjue anayesema ni nani. Mimi ndiye mwenye gereji ya ukuta wa bluu kule Njiro, yenye lifti tatu za kunyanyulia magari. Niliishia darasa la nne Kikatiti. Leo vijana wenye diploma wananiita bosi, wananisomea vitabu vya Kiingereza, nami nawaambia kitabu kimekosea wapi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mzungu aliyenidhamini. Na huyu mzee ndiye hasa hakunishika mkono, ingawa wapo wanaosema mjini kwamba yeye ndiye aliyenitengeneza. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Nianze na salamu zake. Ulikuwa ukimwambia shikamoo, haitikii mpaka amekuangalia mikono. Mikono ikiwa na grisi, hupati marahaba. Anakugeuzia mgongo kana kwamba kuna mbwa amepita. Yeye mwenyewe alinawa kwa sabuni ya unga na mchanga kabla ya kushika waya, akajikausha kwa kitambaa ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Mwenzetu wa kupiga rangi aliwahi kupangusia jasho kitambaa kile. Mzee akakitia kwenye petroli, akakichoma mbele yetu, akarudi kazini.

Mdomo wake sasa. Mimi aliniita Darasa la Nne. Hakuniita hivyo kwa utani, aliniita hivyo mbele ya wateja. "Darasa la Nne, lete koleo." "Darasa la Nne, hiyo ni waya, siyo mkia wa mbuzi, usiivute." Siku mteja mmoja mama wa Kichaga mwenye duka la vitambaa alipomuuliza kwa nini ananidhalilisha, akajibu, "Simdhalilishi, mama. Namwita alipofika."

Uwanja mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, ungefanya nini?

Ila huyu huyu, saa saba mchana ikifika, alikuwa akifungua bakuli lake la makande, anachora mstari katikati kwa kijiko, anasukuma bakuli nusu yangu ikawa upande wangu. Miaka sita. Hakuwahi kusema karibu. Ukichelewa anakuambia, "Kula, au unasubiri nikulishe?" Mama mmoja aliyetuuzia chai pale uwanjani alipotuletea kachumbari, Mzee alikuwa akibonyeza kila kipande cha nyanya kwa kidole kabla hajakitia mdomoni. Tulikuwa tukimcheka pembeni. Tulisema uchoyo umemzidi, hata nyanya anaipima uzito.

Sasa kazi yenyewe, maana bila kuieleza hamtaelewa chuki hii imetoka wapi.

Zamani Landrova lilikuwa na waya chache, hata mchunga ng'ombe angeziunga. Ruksa ya kuagiza bidhaa ilipokuja, milango ikafunguliwa, magari ya Kijapani yaliyotumika yakaanza kumiminika, na injini nazo zikaja peke yake kutoka Dubai. Kila mwenye shamba la kahawa huku Meru akataka kuwa na gari la kupeleka watalii porini. Injini zile zilikuja na waya zake zote zimefungwa pamoja, tukaziita mkungu, kwa sababu zilining'inia kama mkungu wa ndizi. Na mara nyingi mkungu wenyewe ulikuwa umekatwa kwa panga huko ulikotoka, vichwa vyake vya kuungia vimebaki Dubai.

Hapo unafunga vichwa vipya, soketi. Tulinunua nyeupe kwa mfuko, zote sawa, hazina juu wala chini, ukizigeuza zinaingia vilevile. Saba upande wa injini, saba upande wa dereva, na zote zinakutana kwenye tundu la bati nyuma ya dashibodi, mahali ambapo mkono unaingia mpaka kifundo tu na jicho haliingii kabisa. Unakutanisha ya kwanza, ya pili. Ukifika ya tano, ya kwanza imechomoka. Ukilazimisha, sindano za ndani zinapinda. Nimeona mafundi wazima wamelala chali chini ya usukani wakilia kama watoto.

Mzee wa Waya hakulia. Alikuwa na ubao.

Ubao wa mninga, urefu kama mkono kutoka kiwiko, una matundu saba ya pembe nne yaliyochongwa kwa kisu. Ulikuwa umepasuliwa kwa urefu, nusu ya juu na nusu ya chini, zimekazwa pamoja kwa mpira wa tyubu. Kila soketi inakaa kwenye tundu lake, haiendi mbele, hairudi nyuma, zimesimama kama watoto wa shule mstarini. Kisha anaushika ubao kwa mikono miwili, anaupeleka, anasukuma mara moja, na soketi saba zinaingia pamoja, unasikia *tak*, moja tu. Anafungua mpira, ubao unatoka vipande viwili, anavifuta, anavirudisha kwenye sanduku la bati, anafunga kufuli. Ufunguo unaning'inia shingoni kama wa sakristia ya kanisa.

Sheria yake ilikuwa moja. "Hakuna inayoingia mpaka zote zimekaa." Na nyingine, "Ikigoma, rudi. Anayesukuma kilichogoma ni punda."

Nilimwomba anifundishe kuuchonga ule ubao. Nilimwomba vizuri, nikiwa nimenawa. Akasema, "Chonga wa kwako." Nikamwambia, nionyeshe basi vipimo. Akasema, "Mimi nani alinionyesha?" Na alipokuwa akipanga soketi kwenye ubao alijifunika kanga ya mkewe, kichwa, mikono, ubao, vyote ndani. Mafundi walisema ana dawa. Mimi nilijua ni roho mbaya tupu, hataki tuone.

Tena alikuwa mwenye kupoteza muda. Mtu mwenye macho anaona waya nyekundu upande huu na nyekundu upande ule, anaziunga, basi. Yeye alipima kila waya kwa kibalbu kinachowaka umeme ukipita, mwanzo mpaka mwisho, moja baada ya nyingine, nusu siku. Hakuwahi kutaja rangi. Alisema, "Ya tatu kutoka mlangoni." Nikaona hii ni namna ya kutuficha kazi. Ikabidi nitumie akili yangu. Siku moja alipokwenda kunywa chai nikazifunga soketi zake zote tepu za rangi, nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani, kazi safi ambayo hata leo naionea fahari. Aliporudi akaziona tepu. Akazichana zote kwa meno, nasema kwa meno, akazitema chini.

"Nani kakutuma?"

"Nilitaka kukurahisishia, mzee."

"Mimi nimekuambia nimechoka?"

Mteja alikuwa amesimama pale. Nikatamani ardhi inimeze. Kuanzia siku ile nikaapa nitaupata ubao ule, apende asipende.

Nafasi ikaja siku ya Jumatano. Kulikuwa na gari moja ambalo mwenyewe alikuwa ameuza ng'ombe na nusu ya shamba kulinunua, gari lake la kwanza na la pekee, na wageni wake wa kwanza walikuwa wafike kesho yake kwenda porini. Mzee alikuwa amemaliza kupima, amezipanga soketi saba za injini kwenye ubao, ubao uko mezani. Akaitwa nyumbani mbio, mkewe ameanguka. Akaondoka na mikono yake safi, kufuli hakukumbuka.

Nikachukua boksi la katoni. Nikafungua mpira, nikazitoa soketi, nikaulaza ubao juu ya katoni, nikauchora kwa penseli, matundu yote saba. Dakika kumi hazikufika. Kisha nikazirudisha soketi vilevile zilivyokuwa, ya kwanza ikawa ya kwanza, ya mwisho ikawa ya mwisho. Nikakaza mpira. Nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jina langu kwamba sikuharibu kitu.

Mzee akarudi jioni mapema, mkewe amepata nafuu. Akanawa. Akajifunika kanga yake, akapapasa ubao, akaupeleka kwenye gari, akasukuma. *Tak*. Akamwambia mwenye gari awashe.

Moshi ulianzia kwenye dashibodi. Yule baba aliruka nje na shati lake linanuka plastiki, na kabla hatujachomoa betri mkungu wote ulikuwa umeungua kutoka usukani mpaka injini. Akakaa chini kwenye vumbi. Mtu mzima, mzee wa kanisa, alikaa chini akashika kichwa akawa anarudia, "Wageni wangu. Wageni wangu kesho."

Mzee wa Waya akatoa ubao. Akaupitisha kidole gumba pembeni, akasimama kidogo. Akanigeukia mbele ya watu wote.

"Ni huyu. Huyu ameshika kazi yangu."

"Sijashika," nikasema. Nilidanganya, ndiyo. Lakini moyoni niliona yeye ndiye mwongo zaidi, maana mkungu ulipovutwa nje nilichungulia zile soketi na nikaona mwenyewe waya nyekundu imekutanishwa na nyeusi, kijani imekutanishwa na nyeupe, safu nzima kinyume. Mtoto wa chekechea angeona. Fundi wa miaka thelathini aone nyekundu inaelekea nyeusi kisha asukume? Nikajua amefanya kusudi. Amegundua nimechora ubao wake, akaamua kuunguza gari la maskini wa watu ili jina langu liungue nalo.

Na liliungua. Kimandolu hakuna aliyenipa hata balbu ya kubadilisha. Nikipita wanasema, "Yule mchoma magari." Nikarudi Kikatiti na katoni yangu kwapani, nikaweka meza kando ya barabara ya Moshi, nikachonga ubao wangu. Ndipo nilipoanzia. Magari yaliyokuwa yakizimika pale njiani niliyawasha mimi. Kutoka meza nikapata kibanda, kutoka kibanda nikapata uwanja, kutoka uwanja nikafika Njiro. Na kila fundi niliyemwajiri nilimsimulia habari ya mzee aliyeunguza gari kwa makusudi akamsingizia kijana. Nimeisimulia miaka ishirini na zaidi. Vijana wangu wanaijua kwa moyo.

Mwaka jana, asubuhi, mlima uko wazi kabisa, gari dogo likaingia getini kwangu. Anaendesha mama mmoja mwalimu, na pembeni yake amekaa Mzee wa Waya. Amekuwa mdogo. Shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Yule mwalimu ni binti yake, hakujua lolote kati yetu, alisikia tu kwamba kwa waya za dashibodi hakuna anayenizidi Arusha, jambo ambalo ni kweli.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Akaniangalia mikono. Mbele ya wafanyakazi wangu tisa, kwenye gereji yangu mwenyewe.

"Marahaba, Darasa la Nne."

Vijana wakaguna. Nikasema moyoni, leo ni leo. Gari lile nililishika mwenyewe, jambo ambalo siku hizi silifanyi, nikaondoa dashibodi, nikamwita asogee. Nilitaka awe msaidizi wangu, anipe vitu, watu waone nani ni nani.

"Mzee, nisaidie hapo kwenye hilo fungu la waya. Nipe nyekundu."

Akanipa kijani.

"Nyekundu, mzee."

Akapapasa fungu, akaiacha ile, akanipa kahawia. Kijana mmoja akacheka kwa nguvu. Nikainua sauti wote wasikie, "Nyekundu! Au umri umekula na rangi?"

Binti yake akasogea, uso umemshuka. "Bosi, usimlazimishe. Baba hajui rangi. Siyo uzee, tangu tunazaliwa tunamjua hivyo. Hata nyanya sokoni alikuwa akichagua mama, baba mpaka abonyeze."

Nikabaki na koleo mkononi. Nyanya. Kibalbu. Kanga. Ya tatu kutoka mlangoni. Tepu zangu nzuri chini kwenye vumbi.

Mzee alikuwa ameona mbao zangu ukutani, ninazo kumi na mbili, za kila aina ya gari. Akautoa mmoja. Akaupitisha kidole gumba kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akaugeuza, akarudia.

"Hauna kichwa," akasema.

"Kichwa gani?"

"Wangu ulikuwa na pengo kwenye kona. Dogo, la kucha. Pengo linakaa upande wa mlango. Wewe ulizitoa, ukazirudisha, ubao umeugeuza. Mguu ukakaa kwenye kichwa." Alisema kwa sauti ile ile ya lete koleo. "Nilipoliona pengo, nikaliweka mlangoni. Ningejuaje?"

Nikakumbuka katoni ile. Niliuinua ubao kutoka kwenye katoni kwa mkono wa kushoto, nikaulaza mezani ulivyokuja. Kwangu ulikuwa ubao, huku na huku sawa.

"Ungesema," nikamwambia. "Siku ile ile ungesema huoni rangi, watu wangeelewa."

"Ningesema." Akatabasamu, na nawaambia hata tabasamu lake lina ukali. "Halafu wewe ungeniletea gari? Fundi wa waya asiyejua nyekundu? Mke wangu kitandani, watoto wanne. Nilisema ni wewe. Nilikosea?"

Kompresa ya upepo ilikuwa imezimwa. Vijana tisa waliokula hadithi yangu kwa miaka wananiangalia, na yule aliyecheka ameinamisha kichwa. Ningeweza kusema mzee amechanganyikiwa. Wangeniamini, mimi ndiye nawalipa. Akilini nikamwona tena yule baba wa watu chini kwenye vumbi anaita wageni wake.

"Hukukosea," nikasema. "Nilishika."

Mzee akaitikia kwa kichwa, basi. Hakunipa mkono, wala hakusema yamekwisha. Akaurudisha ubao kwenye msumari wake na kumwambia binti yake, "Amalize, twende, jua kali." Nilipokuwa nikilifunga upya lile gari alisimama pembeni yangu muda wote, akaniambia mara tatu kwamba nasukuma kama punda. Walipoondoka hakupunga.

Bado simpendi. Angeweza kunikalisha chini siku moja kati ya miaka ile sita, tukiwa na bakuli lile katikati yetu, akaniambia, kijana, macho yangu yako hivi, niazime yako. Ningekuwa macho yake, na mkungu ule usingeungua. Alichagua kunichukia, nami nikajifunza kazi hiyo kwake vizuri kuliko kazi ya waya.

Jumatatu iliyofuata nilitoa mbao zote kumi na mbili ukutani, nikachukua kisu, nikatia kila mmoja pengo kwenye kona, dogo la kucha. Wafanyakazi wapya huniuliza ni la nini. Nawaambia hicho ndicho kichwa, kinakaa upande wa mlango, na nawasimulia gari nililounguza. Wakiuliza nani alinifundisha, nawaambia mzee mmoja wa Kimandolu, mwenye roho mbaya. Yote mawili ni kweli.